Ushahidi wa Nyar Rusia

Barua ilikuwa na kurasa mbili, na ule wa pili Profesa Galina alikuwa ameuandika mwenyewe. Aliutambua kabla hata hajavaa miwani. Ulitoka kwenye kitabu chake: namba 114 kwenye kona, na katikati ile aya ndefu ambayo mhariri wa Moscow alitaka kuifupisha, naye akakataa katakata. Sasa mtu alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu. Alisimama mlangoni mwa nyumba yake, asiamini anachokiona.

"Mama, ni nini?" Frankline, mwanawe, aliuliza. Alikuwa ametoka ziwani kulisha samaki kwenye vizimba vyake, suruali imelowa mpaka magotini.

"Kamati ya ardhi inatuita Ijumaa. Mwalimu Odiaga anadai boma hili ni lake." Aliuinua ule ukurasa. "Shahidi wake ni mimi."

Ufuo ule wa ziwa, mwendo mfupi kupita Dunga karibu na Kisumu, haukuwahi kuwa na hati. Watu walijua mipaka yao kwa ua na kwa makaburi, na hiyo ilitosha mpaka mwaka huu, serikali ilipotuma maafisa kupima na kusajili kila kipande. Kila mwenye boma alitakiwa kueleza alivyolipata. Familia ya mumewe, marehemu Dalmas Ogola, haikuwa na wasiwasi wowote. Walizaliwa hapo, wakazikana hapo, na Dalmas mwenyewe alikuwa amelala hapo mwaka wa tatu sasa, chini ya kaburi la saruji karibu na dirisha la mkewe.

Debra, mke wa Frankline, alikuwa akifunga nguo za mtumba apeleke soko la Kibuye. Aliiacha kamba, akachukua ile karatasi na kuisoma kwa sauti, akiitoa kwenye Kiingereza. Ukurasa ulisema kwamba babu wa akina Ogola alifika ufuoni mgeni, ana njaa, ana mbuzi mmoja. Alimwomba babu wa Odiaga mahali pa kujenga, akapewa. Hakununua wala hakurithi. Alikuwa jadak, mtu aliyekaribishwa kwenye ardhi ya mwingine. Chini palikuwa na jina la msimulizi: Adero, mama mzazi wa Dalmas, mwaka 1988.

"Yawa!" Debra alishika mdomo. "Mama, kwani uliandika sisi sote ni jodak? Kwa kitabu? Dunia yote isome?"

"Niliandika alichoniambia mama mkwe."

"Na hukuona hayo ni matusi?"

Hakuona. Huo ndio ukweli, na ulimshtua kuliko hata ile barua. Miaka yote hiyo aliishi na watu hawa, akala nao, akazika nao, na neno ambalo wanaume wa ufuo ule wangepigana kwa ajili yake, kwake yeye lilikuwa istilahi. Siku alipolipata alifurahi mno, akaliwekea tanbihi mbili.

Mathews, ndugu mdogo wa Dalmas, alifika kabla chai haijachemka. Alikuwa karani wa reli aliyestaafu, mtu wa kupiga pasi mpaka soksi, lakini asubuhi hiyo shati lilikuwa nje ya suruali. Hakukubali kiti.

"Nyar Rusia," alisema. Binti wa Urusi. Ndivyo ukoo ulivyomwita tangu aliposhuka kwenye gari la moshi Kisumu mwaka 1984, kama walivyowaita wake wengine wote kwa makwao. "Mjukuu wangu ameenda kuchota maji leo, watoto wamemwambia angoje, ati jadak huchota mwisho. Barua haijamaliza hata siku moja!"

"Pole sana, shemeji."

"Pole itanisaidia nini? Ijumaa utasimama useme ulikosea. Basi. Watu hukosea."

"Lakini sikukosea, Mathews. Mama alisema. Mwalimu Odiaga alikuwepo, ndiye alikuwa mkalimani wangu."

"Mama amekufa!"

Frankline alijaribu kuingilia. "Baba Mdogo, labda tuongee na Mwalimu. Si mtu mbaya. Pengine anataka tu jina lake liandikwe, halafu sisi tukae."

"Tukae?" Mathews alimgeukia kama mtu aliyetemewa mate. "Nikae kwa huruma ya Odiaga? Nikitaka kupanda mti nibishe hodi? Wewe kaa. Mimi sitakaa." Kisha akanyoosha kidole kwenye kaburi, na sauti ikashuka, na hapo ndipo ilipotisha. "Ndugu yangu amelala pale. Kando yake tuliacha nafasi yako. Hakuna mtu alibisha, hakuna aliyesema huyu ni mzungu. Sasa, ukilitoa boma hili kwa mdomo wako, Nyar Rusia, nafasi hiyo hakuna. Utafute kwenu pa kuzikwa."

Akaondoka. Galina alibaki amesimama. Kwao! Kwao ilikuwa kijiji kimoja karibu na Voronezh ambacho hakuwa amekiona tangu bado ana meno yote. Bibi yake alifukuzwa katika nyumba yake huko mwaka 1931, kwa sababu jirani alitia sahihi kwenye karatasi kwamba mama huyo ni tajiri mnyonyaji. Alikuwa na ng'ombe wawili. Karatasi hiyo Galina aliishika kwa mikono yake akiwa mwanafunzi wa miaka ishirini na mbili, mhudumu wa hifadhi ya nyaraka alipomletea faili lisilo lake. Aliisoma, akatoka nje kutapika, na akajua kazi atakayoifanya maisha yake yote: nani alikuwa na ardhi, nani aliilima, nani alifukuzwa, na kwa karatasi gani.

Kazi hiyo ndiyo aliyokuja nayo ziwani baada ya kuolewa na Dalmas, aliyekuwa akisomea uhandisi kule Leningrad. Alifundisha chuo kikuu miaka thelathini, na wanafunzi walimwogopa. "Nani amesema?" aliwauliza, mpaka wakamwita Nani-Amesema nyuma ya mgongo wake. Aliwasahihishia kila uwongo mdogo kwa wino wa kijani. Na sasa shemeji yake alikuwa anamwomba mmoja tu.

*

Alimkuta Mwalimu Odiaga kwenye veranda, redio iko sikioni. Alikuwa mwembamba sana siku hizi, na macho yake yalikuwa na ukungu.

"Galina," alisema kabla hajasalimiwa. Alizijua hatua zake. Miaka minne walitembea pamoja kutoka Dunga mpaka Awasi, yeye akisukuma baiskeli, Galina amebeba kinasa sauti na betri, wakiwahoji wazee. Walihoji watu mia tatu na sita. Hakuna hata mmoja aliye hai leo. "Kaa. Waite watoto walete chai."

"Sinywi chai, Mwalimu. Kwa nini umefanya hivi?"

"Nimefanya nini? Si wewe uliniambia historia haina shemeji?"

Alikuwa amesema hivyo kweli, siku ambayo Dalmas alimwomba aliondoe jina la mama yake kitabuni. Alikataa. Wakanuniana na mumewe wiki mbili, wakala kimya kama wapangaji wawili, naye Odiaga ndiye aliyewapatanisha.

"Nilisema kwa ajili ya kitabu," alijibu.

"Mimi nilidhani ulisema kwa ajili ya watu."

Ng'ambo ya ua, Collince, mtoto wa kwanza wa mzee, alikuwa akizungumza kwenye simu akizunguka pikapu yake. Alipomwona Galina alipunga mkono kwa heshima zote.

"Baba yangu alipokuwa anakufa alisema, usiwafukuze, lakini usisahau," Odiaga aliendelea. "Mimi siwafukuzi. Dalmas alikuwa rafiki yangu. Nataka tu iandikwe. Hayo ya karatasi ni Collince anakimbia nayo, mimi sioni herufi tena."

"Mathews hawezi kukaa kama jadak. Itamuua."

"Basi ajifunze. Babu yake aliweza."

"Ondoa kesi, Mwalimu. Nakuomba."

Mzee alizima redio. "Nikiondoa, nimesema Adero alidanganya. Adero hakudanganya. Nilikaa katikati yenu, wewe na yeye, nikatafsiri kila neno lake. Alikuwa anakoboa mahindi. Alilia kidogo, halafu akasema sasa nimelitoa kifuani, andika. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Ndiyo maana hakuweza kukaa hata dakika moja zaidi.

*

Siku ya Ijumaa kamati ilikaa kwenye banda la kupimia samaki. Sakafu ilikuwa imeoshwa lakini harufu ya omena, dagaa wa ziwani, haitoki kwa maji tu, na afisa wa ardhi, Bi. Nangila, mwenyeji wa Bungoma asiyejua Dholuo, lugha ya pale, alikuwa ameweka kitambaa puani. Kwa sababu yake mambo yote yaliendeshwa kwa Kiswahili. Watu walijaa mpaka nje, wengine wamepanda juu ya mitumbwi iliyovutwa kando ili waone.

Collince alisimama na kile kitabu mkononi. Viatu vyake vilikuwa vipya. Alisoma aya nzima polepole, akalitaja jina la Adero mara tatu, na kila alipolitaja Mathews alishtuka kama aliyechomwa sindano.

"Mama, hiki kitabu ni chako?" Bi. Nangila aliuliza.

"Ni changu."

"Basi tuambie. Haya yaliyo kwenye ukurasa huu ni kweli?"

Galina aliwatazama watu wake. Frankline alikuwa ameinama, anavunja kijiti vipande vipande. Debra alikuwa amefumba macho, midomo inacheza kwa sala. Mathews alikuwa anamtazama yeye, uso mkavu, na nyuma yake, ng'ambo ya maji ya ghuba, bati la nyumba aliyojengewa na Dalmas lilikuwa linang'aa.

"Si kweli," alisema.

Bi. Nangila aliinua kalamu.

"Umesema?"

"Niliandika vibaya. Nilikosea. Kosa ni langu."

Alikuwa amejiandaa. Usiku mzima alijiambia kwamba watamcheka, kwamba vyuo vitasikia, kwamba kitabu kitatupwa, na kwamba atavumilia, kwani ni mzee na atalala karibu na mumewe. Hilo la kuchekwa alilikubali kabisa. Lililofuata hakulitarajia hata kidogo.

"Huyu mama asijilaumu," mwenyekiti wa kamati alisema kwa upole mwingi, akiitikisa kofia yake. "Miaka hiyo alikuwa hajui Dholuo. Angejuaje? Alikuwa anaandika anachoambiwa. Sasa wacha niulize swali: ni nani alikuwa anamwambia?"

Vichwa viligeuka vyote kwa pamoja.

"Odiaga!" mtu akapiga kelele. "Si ndiye alikuwa mkalimani!"

"Ametunga! Amemdanganya mzungu ili ajigawie ardhi!"

"Na alikuwa anatuchapa sisi tukisema uwongo, yawa! Mwalimu mzima!"

Kicheko kililipuka, kile kicheko kibaya cha watu walioonea mtu haya miaka mingi. Odiaga alikuwa amewafundisha kusoma nusu ya waliokuwa pale. Mzee alikuwa anageuza uso huku na huku, hawaoni vizuri, anajaribu kujua ni sauti ya nani na ya nani. Nao akina Ogola walipiga vigelegele. Debra alikuwa analia kwa furaha.

"Hapana," Galina alisema. "Hapana, sikusema hivyo..."

Mkono wa Mathews ulimshika begani, ukamkalisha. "Nyamaza sasa," alinong'ona. "Ero kamano, asante, shemeji. Leo ndiyo umeolewa."

Bi. Nangila alikuwa anaandika. Alisoma kwa sauti alichokiandika, kama kazi inavyodai: kwamba mkalimani alipotosha maneno kwa faida yake binafsi. Kisha akaigeuza ile karatasi, akaisukuma mbele ya Galina na kumpa kalamu.

"Weka sahihi hapa, Mama."

Mstari ulikuwa mtupu na mfupi. Galina aliutazama. Aliijua karatasi hii. Aliitapikia akiwa na miaka ishirini na mbili.

Odiaga alikuwa amefika mezani akipapasa kwa fimbo. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Galina," alisema, "wale wengine mia tatu na tano. Nao niliwatungia?"

Galina aliweka kalamu chini.

"Bi. Nangila, futa. Nimedanganya. Sio wakati ule, ni sasa hivi. Mama Adero alisema maneno yale, yote, na Mwalimu aliyatafsiri sawasawa. Nilidanganya kwa sababu nataka kuzikwa na mume wangu. Andika hivyo hivyo."

Hakuna aliyecheka tena. Mtu alisema "Uwi!" kwa sauti ndogo. Mwenyekiti alivaa kofia, akaivua, akaivaa. Bi. Nangila aliuliza kama ana uhakika, akasema anao, na safari hii alipopewa karatasi alitia sahihi. Ardhi ikaandikwa ya Odiaga, kuanzia majini mpaka barabarani. Ilichukua muda mfupi kuliko kupima ndoo ya omena.

Mathews alipita mbele yake akitoka. Alisimama, akamtazama kutoka juu mpaka chini kama mtu anayetafuta jina la mgeni.

"Umemaliza?" alisema. "Haya. Asante kwa kututembelea."

*

Walirudi nyumbani. Debra alikuwa ameketi juu ya fungu la nguo zake, khanga kichwani kama yuko matangani. Frankline alikuwa anauzunguka ua, anagusa hiki na kile. Galina alisimama karibu na kaburi na hakujua aiweke wapi mikono yake, kwani hata saruji ile sasa ilikuwa juu ya ardhi ya mtu.

Jua lilikuwa bado juu Odiaga alipoingia, ameshikwa mkono na Collince. Mathews, aliyekuwa mlangoni, alimpa mgongo.

"Sitakaa sana," mzee alisema. "Nimekuja kuwaambia kaburi halitaguswa. Dalmas atalala, na wewe Galina siku yako utalala hapo hapo. Mimi ndiye nimesema."

Galina alijifunika uso.

"Na sisi?" Frankline aliuliza.

"Babu yangu alimpa babu yenu kwa sababu aliomba. Nyinyi mmekuja kwa kamati, mmenitukana mbele ya watu niliowafundisha, mmepiga vigelegele. Kuomba, bado hamjaomba."

Frankline alitazama nyumba, akamtazama mama yake. Alivua kofia. "Mzee, tunaomba."

"Wewe ni kijana. Mwenye boma ni nani?"

Ilichukua muda mrefu. Kuku walipita, wakarudi. Mathews aligeuka, na Galina alishtuka kuona alivyozeeka tangu asubuhi. Taya lilikuwa linamcheza. Alishuka ngazi moja, ya pili, akasimama mbele ya Odiaga, yeye Mathews aliyejivunia kwamba hajawahi kukopa hata chumvi.

"Tunaomba," alisema. "Ndugu yangu, tunaomba pa kukaa."

Hakuna aliyewahi kumwona Mathews akilia. Odiaga alikabidhi fimbo kwa mwanawe, akanyoosha mkono wa kulia kuupokea wa mwenzake, kama wenye ardhi walivyofanya zamani. Debra alikuwa ameshasimama.

"Baba, usishike," Collince alisema.

"Nisishike nini?"

"Huo mkono. Usiwape neno." Alikuwa anaitazama simu yake. "Imeshauzwa."

"Nini imeuzwa?"

"Hii ardhi, Baba. Watu wa Nairobi, wanajenga hoteli. Walikuwa wanangoja tu jina litoke. Nusu wameshalipa."

"Nani ameuza?" Odiaga alicheka kidogo, akidhani ni upuuzi wa vijana. "Mimi sijauza."

"Uliweka kidole, Baba. Mwezi wa pili."

"Ulisema ile karatasi ni ya kesi!"

"Ilikuwa ya kesi pia."

Galina alikuwa ameandika sura nzima juu ya jambo hili, jinsi ardhi ya kupeana inavyogeuka ardhi ya kuuza mara tu jina moja linapoandikwa. Sura ya saba. Wanafunzi walikuwa wakiinukuu kwenye mitihani. Alikuwa amepita karibu na pikapu ile, akapungiwa mkono, na hakuona kitu.

"Mpaka wapi?" aliuliza yeye, maana mzee hakuweza. "Collince, umeuza mpaka wapi?"

Kijana hakutaka kusema. Alifuta vumbi kwenye kiatu kimoja kwa kisigino cha kingine.

"Vile imeandikwa," alisema mwishowe. "Mpaka barabarani."

Kati ya kaburi la Dalmas na barabara hapakuwa na kitu kingine chochote ila nyumba ya Odiaga mwenyewe. Mzee aligeuza kichwa upande huo, polepole. Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa mbele, na Mathews akaushika, akamshika na kiuno, kwa sababu alikuwa anaanguka.